Njia ya Chai ya Georgia: kwa nini watalii wanapita Guria bila kulala

Kwanza tuelewane, Georgia ninayoisemea hapa ni ile ya Kaukazi, kanchi kadogo kaliko kati ya Urusi na Uturuki, yenye Tbilisi na Batumi, si lile jimbo la Marekani. Wengi wanaijua kwa mvinyo na milima, na jamaa zetu walioko Muscat na Dubai wanaijua kwa sababu joto la Ghuba likizidi basi familia nzima inapanda ndege kwenda Batumi kutafuta mvua na kijani. Sasa waulize waliorudi, wangapi mlikunywa chai iliyochumwa pale pale? Watakushangaa. Georgia kuna chai? Na wamekaa hotelini wiki nzima, mashamba yenyewe yako mwendo wa nusu saa tu kutoka walipolala.

Hicho ndo kisa chenyewe. Nchi hii katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa kama tani 150,000 za majani chai kwa mwaka na ndiyo iliyokuwa inajaza birika za karibu Muungano wote wa Kisovyeti. Leo hata wenyeji wengi wananunua chai ya nje dukani. Wazalishaji wadogo waliobaki wanajaribu kuirudisha kwa mlango wa utalii wa kitamaduni, wazo lao linaitwa Njia ya Chai, wameliiga kwenye Njia ya Mvinyo inayofanya vizuri upande wa mashariki kule Kakheti. Kwenye karatasi inapendeza kweli: unaanzia Batumi, unapita Chakvi, unapanda Guria, mkoa mdogo wa magharibi, mpaka mji wake wa Ozurgeti, ukipenda unaingia Samegrelo, la sivyo unakata kwenda Imereti, Kutaisi na Tkibuli. Barabarani mambo ni mengine, mabasi yanapita tu, na mimi naona tatizo si matangazo kama wengi wanavyodai, tatizo ni kwamba njia ilipangwa kwa kufuata barabara wakati ilitakiwa ipangwe kwa kufuata saa za jani la chai lenyewe. Nitaeleza.

Tuanze na historia manake bila hiyo hutajua pale mgeni anauziwa nini. Miche ya kwanza ilipandwa Ozurgeti mwaka 1847, enzi za Vorontsov, mtu wa Tsar (mfalme wa Urusi) aliyekuwa anaitawala Kaukazi. Kwa miaka mingi ilikuwa kama mchezo wa bustani tu. Batumi ilipochukuliwa na Warusi kutoka kwa Waturuki mwaka 1878 ndipo mambo yakachangamka, bandari ikakua, reli ikafika, na tajiri mmoja wa chai kutoka Urusi, Konstantin Popov, akanunua ardhi maeneo ya Chakvi na jirani zake. Huyu hakutaka kubahatisha, akaleta wataalamu kutoka China wenyewe, na mwaka 1893 akafika kijana mmoja aitwaye Liu Junzhou pamoja na mafundi wenzake. Wageorgia walimwita Lao Jonjao na mpaka leo jina lake halijasahaulika. Mwaka 1900 chai ya vilima vile ikapata medali ya dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya Paris, yaani miaka saba tu tangu jamaa ashuke melini.

Na bahati yao ni kwamba kipindi hicho kimebaki kwenye picha za rangi. Mpiga picha wa Kirusi, Prokudin-Gorskii, alipita Chakvi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akapiga picha za mashamba, kiwanda, yule bwana Mchina, na wanawake wa Kigiriki wakiwa shambani wanachuma. Picha zenyewe ziko Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu yeyote anaweza kuziona mtandaoni bure. Ukiziangalia unashangaa, miaka zaidi ya mia na vilima ni vile vile. Sasa fikiria una njia ya utalii na una picha kama hizo za mahali hasa gari lako linaposimama, halafu mgeni anaonyeshwa kibao chenye kikombe kilichochorwa na neno karibu, basi. Inaumiza.

Jambo jingine linalonikera kwenye simulizi linalopewa wageni, mara nyingi linaishia hapo. Mwana wa mfalme fulani, tajiri wa Kirusi, fundi wa Kichina, medali ya Paris, haya karibuni kikombe. Miaka sabini ya Kisovyeti inarukwa kama dimbwi la maji. Wakati ukweli ni kwamba chai ya Georgia kama watu wanavyoikumbuka haikutengenezwa na Popov, ilitengenezwa na mamia ya vijiji kuanzia miaka ya 1920, mabwawa yakakaushwa, vilima vikalimwa, viwanda vikajengwa kila kona ya Guria, Adjara (mkoa wa Batumi), Samegrelo na Imereti, mpaka mashamba yakakaribia hekta 70,000. Pale Anaseuli, pembeni mwa Ozurgeti (mji ambao enzi hizo uliitwa Makharadze), palikuwa na taasisi ya utafiti wa chai na mazao ya joto, na mtaalamu wao Ksenia Bakhtadze alizalisha aina za chai zinazovumilia baridi. Hilo si jambo dogo. Chai haipendi theluji na Guria theluji inaanguka. Kila kichaka unachokiona pale leo kinaishi kwa sababu mama huyo na wenzake walikaa miaka mingi wanachavusha na kuchagua mbegu.

Kisha wakaiharibu wenyewe. Kuanzia miaka ya 1960 wakaleta mashine za kuchuma, na mpango wa serikali ukawa unahesabu tani, si ladha. Mashine haijui majani mawili na chipukizi, inakata kila kitu, majani makubwa, vijiti, na wakati mwingine visivyo vya chai kabisa. Ubora ukashuka mpaka Msovyeti wa kawaida akipata ile chai ya Kihindi yenye picha ya ndovu kwenye pakiti anashangilia, na ya Georgia anainunua kwa sababu ndiyo iliyopo. Sifa hiyo mbaya imewafuata mpaka leo, mzee wa Kirusi au wa Kilatvia ukimwambia chai ya Georgia anacheka kwanza.

1991 ikaja na yote ikaanguka kwa mpigo. Uhuru, vita mjini Tbilisi, vita vya Abkhazia mwaka 1992 na 1993, umeme hakuna, gesi hakuna, mnunuzi mkuu ambaye ni Urusi hanunui tena. Mashine za viwanda zikang'olewa zikauzwa kama vyuma chakavu, nyingi zikavuka kwenda Uturuki. Mashamba yakaachwa yakamezwa na magugu ya msituni na miiba, mengine yakang'olewa watu wakapanda hazelinati, kokwa za kuliwa kama korosho, maana ile inauzika. Kwa wanaokumbuka mkonge ulivyoanguka Tanga mnaweza kupata picha kidogo, ila hawa jamaa walianguka kwa miaka michache tu, si kwa kizazi.

Ila ndani ya maafa hayo kulikuwa na akiba ambayo hakuna aliyeipanga. Vichaka havikufa. Vilikaa miaka ishirini na zaidi bila mbolea ya kiwandani wala dawa, vikarefuka vikawa kama miti, na majira ya baridi ya kule yanasaidia kupunguza wadudu. Kwa hiyo mtu akija leo na panga, akakata mpaka chini, akasubiri misimu miwili mitatu vikachipua upya, ana chai ambayo haijaguswa na kemikali tangu enzi za Gorbachev. Na akina mama wa Guria kwenye ile miaka ya giza walikuwa wanajitengenezea chai nyumbani, wanachuma kidogo, wananyausha kwenye shuka, wanasokota kwa mikono, wanakausha. Walifanya hivyo kwa shida, hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtalii wa Ujerumani atalipa pesa ili afundishwe.

Kuanzia mwaka 2016 serikali ikaja na programu ya kufufua mashamba, inachangia sehemu ya gharama za kusafisha na kukodisha ardhi iliyokuwa imelala. Wakaingia na wageni pia, maarufu zaidi ni kikundi cha marafiki kutoka Estonia na Lithuania walioanzisha Renegade Tea Estate kule Imereti, si mbali na Kutaisi, wakafufua mashamba yaliyotelekezwa na sehemu ya mtaji wakaipata kwa kuwaomba watu mtandaoni wachangie kichaka kwa kichaka. Wanauza chai ya bei ya juu nje ya nchi. Wajanja.

Sasa tuje kwenye hesabu manake hapa ndipo utalii unapoingia. Chai ya kawaida ya duniani, ile ya kwenye vipakiti vya kuchovya, bei yake inaamuliwa sehemu kama mnada wa Mombasa. Kenya inachuma mwaka mzima, ikweta iko pale pale, mvua ipo, mikono ipo. Georgia inaanza kuchuma mwishoni mwa Aprili au Mei na ikifika Oktoba imefunga. Mkulima wa Ozurgeti akitaka kushindana na Kericho kwa bei ya kilo amekwisha kabla hajaanza, hilo halina mjadala. Hata baadhi ya viwanda vyao vyenyewe vinaagiza chai ya nje na kupaki. Kwa hiyo anabaki na njia mbili, ama auze chai ghali kwa wapenzi wa chai Ulaya kama wale Waestonia, na hiyo inataka lugha, saiti nzuri, vibali na mtaji wa kusubiri, ama mnunuzi aje mwenyewe mlangoni. Ndo maana nasema kwa mkulima mdogo wa Guria utalii si pambo la kilimo, ndilo soko lenyewe. Kilo moja ile ile akimuuzia mchuuzi anapata hela ya mkate, akimuuzia mgeni aliyeisokota kwa mikono yake mwenyewe anapata mara nyingi zaidi, na juu yake kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa. Watu wa Zanzibar hili wanalijua vizuri, karafuu iliposhuka bei ziara za viungo zikaanza kuingiza hela kwa watu ambao hawakuwa na hata mti mmoja wa kuuza.

Ila ziara ya viungo inaisha kwa masaa matatu, unakata mdalasini unanusa, unapasua kungumanga, unavishwa kofia ya makuti, umemaliza. Chai haiko hivyo na hapa ndipo waliopanga njia hii walipoteleza. Angalia jani linavyokwenda. Unachuma asubuhi umande ukishakauka. Unaleta nyumbani unatandaza linyauke, hilo peke yake ni masaa kumi na mbili, saa nyingine zaidi kama kuna unyevu, na Batumi na Guria unyevu ndo kwao. Ndipo unasokota, mikono inageuka rangi ya kijani kisha kahawia na haitoki kwa sabuni. Unaacha lichachuke masaa mawili matatu au zaidi mpaka lianze kunukia kama tunda. Unakausha. Yaani hata ukimbie namna gani huwezi kuchuma na kunywa ulichochuma siku hiyo hiyo kama ni chai nyeusi. Chai yenyewe inakulazimisha ulale.

Halafu ofa inayouzwa Batumi ni ya nusu siku! Basi linatoka saa tatu, bustani ya mimea (ambayo ni nzuri, sikatai, ilifunguliwa 1912 na Profesa Krasnov na chai nayo ni sehemu ya historia yake), kituo cha chai dakika arobaini, picha na kikapu kichwani, kikombe kimoja, rudi ufukweni. Majani waliyochuma wageni yanatupwa nyuma ya nyumba, yatafanyiwa nini, konzi mbili tatu za watu ishirini zimechanganyika na majani makavu. Mwenyeji anapata hela ya kikombe. Tua opereta anapata iliyobaki. Mgeni anaondoka akiwa hajaelewa kwamba majani ya kijani yale na chai nyeusi iliyo kwenye kikombe ni kitu kimoja, na hilo ndilo lingemfanya anunue.

Linganisha na mgeni anayelala. Nyumba chache za Guria zinapokea wageni wa chai namna hii, nyumba za mbao za kienyeji zenye baraza kubwa, na mtiririko unajipanga wenyewe bila mtaalamu wa masoko: asubuhi shambani, mchana mapumziko wakati majani yananyauka, mama mwenye nyumba anapika, wanaume wanaongea siasa (Waguria kwa siasa usiwaguse, mwaka 1902 mpaka 1906 wakulima wao walijitawala wenyewe wakamgomea Tsar mpaka jeshi likaja), jioni kusokota, usiku mezani, kesho yake kukausha, kufunga pakiti, jina lako juu yake. Unaondoka na gramu hamsini na unanunua nusu kilo nyingine ya kupeleka kwa mama mkwe.

Na mezani Guria kuna mambo. Jibini, mkate wa mahindi wa mchadi, kuku kwenye mchuzi wa walnati wa satsivi, na wakati wa Krismasi yao ya tarehe 7 Januari ile sambusa kubwa ya umbo la mwezi mchanga yenye jibini na mayai ya kuchemsha ndani. Halafu wakianza kuimba ndo utajua uko wapi. Uimbaji wa sauti nyingi wa Kigeorgia ulitangazwa na UNESCO mwaka 2001 na kuingizwa rasmi kwenye orodha ya urithi 2008, lakini ndani ya Georgia penyewe Waguria wana yao, sauti tatu kila moja inakwenda njia yake kama zinagombana, na moja inaruka juu kwa namna wanayoiita krimanchuli, inapanda inakatika inapanda tena, mara ya kwanza ukiisikia unaweza kudhani mwimbaji ameumia. Kuna pia nyimbo za naduri, za ujima, walizoimba makundi ya watu wakipalilia mahindi. Nyimbo hizi zikiimbwa kwa ajili ya basi la saa tano asubuhi zinachosha kila mtu, waimbaji na wasikilizaji, zinatakiwa ziwe usiku, baada ya chakula, na ziimbwe na watu ambao wangeimba hata kama mgeni asingekuwepo. Sababu nyingine ya kulala hiyo.

Vituo vingine vya njia nitavipitia haraka. Samegrelo naipenda, ugali wao wa elarji uliosongwa na jibini ukivutwa unarefuka mpaka unasimama kwenye kiti, na Zugdidi kuna kasri la Dadiani, lakini ukilazimisha Samegrelo kwenye safari ile ile unamfanya mgeni ashinde kwenye gari. Iwe safari yake. Imereti ina faida ya uwanja wa ndege wa Kutaisi wenye ndege za bei rahisi kutoka Ulaya, na barabara ya kwenda Tkibuli inapita karibu na monasteri ya Gelati, iliyojengwa na mfalme Daudi Mjenzi kuanzia 1106, kwa hiyo mtu wa Renegade au mkulima wa Tkibuli anaweza kumdaka mgeni anayetoka kuangalia michoro ya kanisani. Tskaltubo ndo pagumu. Yale majumba ya kupumzikia ya Kisovyeti, nguzo za marumaru zimeota nyasi, watalii wanapapenda kwa picha, ila yalikaliwa kwa miaka mingi na wakimbizi wa vita vya Abkhazia, watoto wamezaliwa na kukulia humo. Mwongozaji anayepita pale anasema angalia uzuri wa magofu bila kutaja hao watu, mimi nisingempa kazi.

Turudi Guria. Kuna tatizo la pili ambalo ni zito kuliko la kulala, nalo ni mikono. Nenda shambani uone nani anachuma: akina mama watu wazima, wengi walianza kazi kwenye shamba la pamoja la Kisovyeti. Vijana wamehamia Tbilisi au wamevuka mpaka wa Sarpi kwenda Uturuki kuchuma chai na hazelinati za Waturuki kwa sababu malipo ni bora. Na hapa historia ina utani wake: chai ya Rize kule Uturuki ilianzishwa na mbegu zilizotoka upande wa Batumi, Waturuki walizinunua kwa Wasovyeti miaka ya 1920 na 1930. Mbegu zilivuka mpaka, sasa wachumaji wanazifuata.

Kwenye njia ya utalii hawa mama ndio kila kitu, wao ndio wanaokumbuka brigedi (vikosi vya kazi vya Kisovyeti), malengo ya kilo kwa siku, redio ya kiwandani, mashine ilipoletwa na ilipong'olewa. Lakini mgawo ukoje? Mwenye gesti analipwa, dereva analipwa, mwongozaji kutoka Batumi analipwa, na mama aliyemshika mgeni mkono akamwonyesha wapi pa kuvunja shina analipwa kwa kilo alizochuma siku hiyo, ambazo ni chache kuliko kawaida kwa sababu alikuwa anafundisha! Hii inarekebishika kwa simu moja. Mama alipwe ada ya mwalimu kwa mgeni, tofauti na kilo. Kama mgeni analipa hela ya nguvu kwa darasa basi mwalimu apate fungu lake, na nina uhakika binti yake akiona hivyo atafikiria mara mbili kabla ya kukata tiketi ya Sarpi.

Msimu nao. Miezi mitano sita shamba limelala, mvua ya baridi, hakuna cha kuchuma, na waliokopa kukarabati nyumba hawawezi kula mandhari. Lakini kalenda ya Guria ina vitu vya kushikia. Pasaka ya Kiorthodoksi inaangukia Aprili au mwanzoni mwa Mei, karibu kabisa na machipukizi ya kwanza, na siku ya Pasaka kijijini Shukhuti kunachezwa Lelo, kijiji cha juu dhidi ya kijiji cha chini, mamia ya wanaume wanagombea mpira mmoja wa kilo kama 16 mpaka wauvushe kijito chao, na upande unaoshinda unaupeleka mpira kwenye kaburi la mwenzao aliyefariki. Agosti 19 kuna mbio za farasi Bakhmaro, juu milimani, watu wanapanda huko na familia zao kukimbia joto. Mtu anaweza kupanga wageni wake kwa tarehe hizo. Ila Lelo msijenge majukwaa ya tiketi jamani, ni mchezo wenye marehemu ndani yake, mgeni asimame pembeni kama jirani, avae viatu vya matope.

Kwa hiyo mimi ningekuwa nimeshika hii Njia ya Chai ningeipunguza kwa ukali. Ningeacha ramani ya mikoa minne ibaki ukutani. Ningeuza kitu kimoja tu kwa mwanzo: usiku mbili Guria, Mei mpaka Oktoba, mgeni ashuke na treni ya Tbilisi–Batumi kituo cha Ureki, pale kwenye ufukwe wa mchanga mweusi, achukuliwe na gari la mwenyeji mpaka vijiji vya Ozurgeti. Siku ya kwanza kuchuma na kutandaza, siku ya pili asubuhi wakati jani linaendelea kunyauka au limeshasokotwa linachachuka, mpeleke Anaseuli na kwenye kiwanda kimoja kilichobaki gofu, si kwa picha za huzuni bali pamoja na mtu aliyefanya kazi mle, amwonyeshe mashine ilikuwa wapi, kengele ilikuwa wapi. Zile picha za Prokudin-Gorskii zichapishwe kubwa zitundikwe Chakvi kwa yule atakayetaka kuanzia huko. Wageni wasizidi sita kwa nyumba. Ukiwa na nyumba kumi za namna hiyo zinazopeana wageni badala ya kunyang'anyana, hiyo ndo njia, hata kama haina kibao hata kimoja barabarani.

Mtasema wageni wenyewe watatoka wapi. Wajerumani na Wapolandi wanakuja tayari, lakini mimi naangalia wale wa Ghuba wanaojaa Batumi kila kiangazi, ambao wanakuja kwa familia, wanakaa muda mrefu, wanapenda ukungu na mvua na wana chai kwenye damu. Hakuna anayewapeleka Guria. Sababu moja ni meza, nyumba ya Kiguria inafikiri ukarimu ni mvinyo na soseji ya nguruwe, na mwenyeji anaona aibu kupokea mgeni bila vitu hivyo. Wakati jirani zao wa Adjara ya juu milimani wengi ni Waislamu wenye misikiti ya mbao na wanajua kabisa namna ya kuandaa, wangeulizwa tu. Kuku achinjwe na mtu anayefaa, nguruwe asiingie jikoni wiki hiyo, na zile hotuba ndefu za mezani ambazo kwa kawaida zinashushwa na mvinyo zishushwe na chai, mbona inawezekana, tena itakuwa mara ya kwanza chai ya Guria kupewa heshima ya kuwa kinywaji kikuu kwenye meza ya Guria.

Kitu kimoja tu wenyeji wajiandae nacho. Chai yao ni laini, ina utamu wa mbali na harufu kama ya asali na matunda makavu, haina ule ukali wa chai ya Kericho au Mufindi. Mtu aliyezoea karaki ya Muscat, ile chai nzito ya maziwa ya Ghuba, au chai ya maziwa na tangawizi ya kwetu akinywa kikombe cha kwanza atasema haya maji. Na akiitia maziwa ndo ameiua kabisa, inageuka kijivu. Mwenyeji asibishane naye. Ampe kwanza ikiwa kavu, bila sukari, pamoja na jemu ya nyumbani pembeni kama wao wenyewe wanavyokunywa, ya walnati changa au ya tini, unalamba kijiko kidogo halafu unapiga funda. Na sufuria ya maziwa iwe tayari jikoni na pakiti ya chai ya Kenya kabatini, kwa ajili ya bibi aliyekuja na familia ambaye hatakubali chochote kingine saa kumi na mbili asubuhi.